Majivu ya Enedik

Bokelap, 9 Machi 2004

Wewe Emiko,

Tangu urudi Majuro baada ya Krismasi hujaniandikia hata mstari. Meli imekuja, mfuko wa barua umemwagwa mezani, kila mtu kaokota yake. Hata Lokbar mdogo wangu, ambaye hana anayemtamani duniani, kapata bahasha kutoka kanisani. Mimi niliyekulea wewe, na sasa namlea mwanao, nimerudi nyumbani na mchanga kwenye viatu. Kalamu unaishika kwa ajili ya walimu wako tu?

Haya, salamu. Sisi wazima. Lokbar anakohoa, lakini ni sigara, usimwombee. Mshelisheli wa nyuma umezaa mpaka tawi limekatika likaangukia banda la nguruwe. Bilma ana miaka minne na maswali ya miaka arobaini. Jana kaniuliza kwa nini kaa hana shingo. Nimemwambia amngoje mama yake, ndiye anayelipiwa kusoma mambo hayo.

Sasa nisikilize. Ile chumvi ya kumwaga kwenye miti imekatika. Unakumbuka wapimaji walivyotuambia walipoturudisha hapa: udongo bado una sumu ya bomu, mti unainywa kwa sababu unaifananisha na chakula chake, basi tumwage chumvi yao shinani, mti ushibe, usiitafute sumu. Nimemwaga miaka mitatu bila kukosa. Sasa meli mbili zimekuja mikono mitupu. Nimeuliza baraza, baraza linasema nisubiri. Nisubiri nini, nami nina mtoto wa kulisha?

Lakini ulisema mwenyewe, umekaa jikoni unakuna nazi na kitabu umekiegemeza kwenye sufuria, kwamba chumvi ile watu wa zamani waliipata kwenye majivu. Nikajiambia, kumbe. Bibi yangu mimi alitia majivu shambani kabla hatujamwona mpimaji yeyote. Basi nimechoma makumbi na vifuu na makuti, nikapata madebe saba, meupe, laini. Nimetia kwenye maboga, kwenye mipapai, kwenye ule mgomba anaouita wake Bilma. Maboga yametambaa mpaka kaburini kwa babu yako. Mtoto anakula boga la tui mchana na jioni, na mashavu yamejaa.

Makumbi nimeyapata. Usiulize wapi, hayakuwa ya mtu.

Nitumie uzi mwekundu wa kudarizi, na uandike.

Bibi yako,
Neijon


Majuro, 20 Aprili 2004

Bibi yangu mpendwa,

Shikamoo. Nisamehe kwa kutoandika, sina la kujitetea. Barua yako ilizunguka na meli visiwa vitano kabla ya kunifikia. Mimi mzima, chakula cha bweni ni mchele na kuku wa kopo, mchele na kuku wa kopo. Mbusu Bilma. Mwambie kaa hana shingo kwa sababu kichwa na kifua chake vimefunikwa na gamba moja.

Bibi, kuna maneno yamenikosesha raha: hayakuwa ya mtu. Hapo kijijini kila nazi inayoanguka ina mwenyewe, na asiyejua ataambiwa. Makumbi yasiyo na mwenyewe nayajua mahali pamoja tu, na sitaki kupataja.

Nilikuita Alhamisi kwa redio ya baraza. Nilipokuuliza ulichoma ya wapi ukasema sauti inakatika. Haikukatika, Bibi. Nilikuwa nasikia mpaka kuku wanavyoparura nyuma yako. Najua kisiwa kizima hukaa kwenye ile redio kama kwenye harusi, na ndiyo maana sikusema zaidi. Nilisema tu kwamba Bilma apumzishwe maboga, ukajibu, "Mnamsikia huyu mwanafunzi," na watu wakacheka.

Sasa hakuna anayesikiliza. Niambie mimi peke yangu. Majivu yalitoka wapi? Na mpaka nipate jibu, naomba mtoto ale mchele wa dukani na samaki, na asicheze bustanini. Nakuomba kama ninavyoomba mara chache.

Uzi nimeutia ndani.

Mjukuu wako,
Emiko


Bokelap, 17 Mei 2004

Emiko,

Marahaba, ingawa salamu yako imekuja imeshika kiuno. Nani kakufundisha kumhoji mtu mzima kama mwizi wa nazi? Uzi nimeupata. Si mwekundu ule niliotaka, lakini utafaa.

Nakuandikia huku mabaharia wanapakia mbata, kwa hiyo usitafute mwandiko mzuri. Harusi ya binti wa mchungaji imeahirishwa. Nimemaliza mkeka wa chumbani, majani ya mkadi safari hii yamekuwa laini, ungeona. Lokbar analalamika mgongo tangu ile safari, maana alikwaruza mashua kwenye matumbawe akashuka kuisukuma, halafu akabeba makumbi peke yake huku mimi nachoma. Kule yamelundikana mpaka magotini. Kaa wa minazi wamekuwa wakubwa kama vichwa vya watu, na hawaogopi, miaka hamsini hakuna aliyewagusa.

Nimeshaandika, na wino haufutiki. Basi. Ni Enedik.

Ndiyo, najua kisiwa kile kimekatazwa kwa sababu ya sumu ya bomu. Ni ardhi ya mama yangu, na mimi ndiye mkuu wake leo, na ni kidole gumba changu mimi kilichobonyezwa kwenye karatasi ya baraza kwamba sitakanyaga wala kuchuma. Sikuchuma. Nilichoma. Sikuleta nazi hata moja, sikuleta kaa, ingawa Lokbar alikuwa anawaangalia kwa macho ya njaa. Niliweka moto mpaka kila kitu kikaisha, makumbi hayapo, vifuu havipo. Nimeleta majivu tu. Nionyeshe mdudu aliyetoka mzima motoni. Nionyeshe ugonjwa unaobaki hai ukichomwa. Hata nguo za maiti tunachoma.

Unaogopa kwa sababu umesoma, na waliosoma wanaogopa kila kitu. Nimekutilia majivu kwenye bati la biskuti, kiasi cha vikombe viwili. Mwonyeshe mwalimu wako. Akishaona ni majivu kama majivu mengine, uniombe radhi kwa barua.

Bilma anakula. Simnyimi mtoto chakula kilichopo shambani kwa sababu ya redio.

Neijon


Majuro, 5 Juni 2004

Bibi,

Shikamoo. Nimeandika barua hii mara tatu, mbili nimechana. Ndege inaondoka kesho, rubani ameniahidi atakupa mkononi. Tafadhali soma ukiwa umekaa, na usimsomee mtu.

Bati lilifika Jumanne. Chuoni tuna kifaa kidogo cha kuhesabu mionzi, kinalia tik kila kinapopigwa na mionzi. Mezani, bila kitu chochote, kinalia kama mara ishirini kwa dakika. Hiyo ni kawaida, mawe na anga vina mionzi yao. Nikaweka kifaa juu ya bati, kifuniko kimefungwa. Bibi, sikuweza kuhesabu. Tik zilishikana zikawa kama mvua kwenye mabati. Mwalimu alihesabu kwa mashine akapata mia nne na sitini. Wenzangu walikuwa wanacheka kitu fulani nyuma ya darasa, wakaacha, wakasogea mmoja mmoja kuangalia. Nilirudi nyuma hatua mbili, kisha nikaona haya, maana mwanangu hakai hatua mbili kutoka kwenye majivu hayo, anacheza juu yake.

Nikueleze kwa mkeka wako. Kila kitu, nazi, maji, mkono wako, kimesukwa kwa chembe ndogo mno zinazoitwa atomu. Moto unaufumua mkeka. Unachana, unatawanya, moshi unakwenda huku, majivu yanabaki huku. Lakini nyuzi zenyewe moto hauziui, hata uwe mkali namna gani. Sumu ya bomu ni uzi mmoja kati ya nyuzi hizo, jina lake sesiamu, na mionzi yake hutoka ndani kabisa, kwenye kiini cha atomu. Kiini kimeshikiliwa na nguvu ambayo moto wa makumbi hauna hata habari nayo. Sumu haikuungua, Bibi. Vilivyoungua ni vile vilivyokuwa vinaitawanya. Sumu iliyokuwa kwenye rundo la mashua nzima sasa imekaa ndani ya madebe saba.

Na kweli majivu yana ile chumvi nzuri, hukukosea hapo. Ila yamekuja na zote mbili.

Sasa nikuambie nililokuwa siwezi kusema. Habari ya majivu nilikupa mimi. Nilisoma nusu ukurasa nikakusomea kwa kujionyesha, wala sikufika mwisho wa sura. Nikikulaumu usiku najilaumu mimi asubuhi.

Mtoto asiguse tena chakula cha bustani ile. Usifagie majivu, vumbi lisivutwe puani. Usiyamwage baharini. Funika kwa turubai na uweke mawe. Na umlete Bilma Majuro. Kuna kiti cha kupimia, mtu anakaa tu robo saa, hakiumi, kinasoma kilichomo mwilini. Najua namba yake ikitoka juu watauliza alikula nini na wapi, na kidole gumba chako kiko kwenye karatasi ya baraza. Najua unajua. Mlete hivyo hivyo.

Emiko


Bokelap, 26 Juni 2004

Emiko mwanangu,

Leo sina nguvu za kukugombeza. Barua yako niliisoma nimekaa, kama ulivyosema.

Nimefunika kwa turubai. Maboga nimeyang'oa kwa mikono, nikayaweka chini ya turubai pia. Bilma alilia kwa ajili ya mgomba wake. Aliniuliza mgomba umefanya kosa gani.

Hujawahi kuniuliza habari za siku ile ya bomu, nami nimekushukuru moyoni kwa kutokuuliza. Nilikuwa na miaka tisa. Unga ulianza kuanguka kutoka juu, mweupe, ukatua kwenye mikeka, kwenye maji ya kunywa, kwenye nywele. Hakuna mtu mzima aliyejua ni nini. Mdogo wangu Tarina aliukusanya kwenye kifuu akajipaka mashavuni, na mimi nikamsaidia. Jioni alikuwa anajikuna na kulia, na mama yetu anatugombeza kwa kuchezea tusichokijua. Mengine sitaandika.

Siku niliyochekecha yale majivu kwenye ungo, Bilma alikuja akajimwagia. Akatoka nywele nyeupe, kope nyeupe, akanionyesha, "Bibi, nimezeeka." Nilicheka. Emiko, nilimwangalia mtoto yule akiwa vile, mimi niliyeona niliyoyaona, nikacheka.

Nimekuwa naliwaza hilo tangu barua yako ilipofika. Kila Bilma akijikuna namvua nguo namkagua, hata mbu. Akilala namsikiliza anavyopumua. Kifaa chako cha tik kimeingia kichwani mwangu, nakisikia ninapopika.

Na kuna jingine, ndilo lililonifunga mdomo kwenye redio. Sikuyatumia yote mimi. Majivu yalikuwa mazuri, watu wakayaona, wakaomba. Nilimpa Hertina jirani debe moja. Mke wa mchungaji debe moja. Nusu debe nilipeleka shuleni, kwenye kibustani cha watoto, na mwalimu akanishukuru mbele ya darasa wakanipigia makofi. Nilijisikia mtu. Ungewezaje kunitaka niseme redioni?

Sijawaambia. Nimefika mlangoni kwa Hertina mara mbili, nikaomba chumvi, nikaondoka nayo. Nina chumvi ya mwaka mzima sasa.

Bilma anapanda ndege hii na Lokbar. Mimi sipandi, nafasi ni mbili na bustani haiwezi kuachwa. Nguo zake nimezifua mara tatu. Asilale bila kitambaa chake cha maua.

Neijon


Majuro, 9 Julai 2004

Bibi,

Shikamoo. Bilma yupo hapa kitandani kwangu anamvisha soksi kijiko. Hajambo.

Tulikwenda kwenye kiti Jumatano. Alikaa robo saa bila kutikisika, maana nilimwambia mashine inasikiliza mwili wake unasema nini. Aliniuliza kama itasikia alivyokula biskuti za babu Lokbar. Mimi nilikuwa nyuma ya kioo, namwangalia.

Namba yake ni mara sita ya watoto wa rika lake hapo Bokelap. Mpimaji, mama mmoja mpole wa makamo, aliniambia, "Hii si ya kupigia mayowe, lakini si ya kunyamazia." Mwili hutoa sumu hiyo wenyewe, kwa mkojo na jasho. Mtu mzima anachukua zaidi ya miezi mitatu kupunguza nusu. Mtoto mdogo kama yeye, mwezi hivi, kisha nusu ya iliyobaki mwezi mwingine. Ila ni kama haendelei kula. Anayekula anajaza tena kila siku kile kinachotoka. Atapimwa tena Agosti. Hata ikishuka haitanitoa hofu ya miaka ijayo, na hakuna aliyeniahidi kitu.

Halafu akashika kalamu akaniuliza, "Nani mwingine amekula?"

Nimemwambia naulizia nyumbani. Jibu ni lako, Bibi, sitakunyang'anya. Lakini kila siku tunayokaa kimya watoto wa shule wanavuna. Ndege ijayo ikija bila barua yako nitakwenda kumwambia mimi.

Emiko


Bokelap, 28 Julai 2004

Wewe Emiko,

Mpimaji anakuuliza swali la watoto na unamwambia ati unaulizia nyumbani? Majina ulikuwa nayo kwenye barua yangu. Ulimwonea huruma bibi yako mzee ukasahau watoto wa watu. Nikisema ni ujinga nitakuwa najitukana mwenyewe, maana umeupata kwangu. Nasema hata hivyo.

Salamu. Mimi mzima. Kusikia kwamba Bilma anavisha kijiko soksi kumenifanya nile kwa mara ya kwanza juma lile.

Barua yako ilifika Ijumaa. Jumapili, ibada ilipoisha, nilisimama kabla watu hawajaokota viatu. Nikasema majivu niliyowapa yalitoka Enedik, nilikwenda mimi, Lokbar alinifuata kwa sababu nilimwamuru. Nikasema habari ya kifaa, na habari ya kiti, na namba ya Bilma. Nikawaambia wafunike bustani leo, si kesho.

Watu hawakupiga kelele. Ningependa wangepiga. Hertina alisogea mpaka pua yake ikakaribia yangu.

"Neijon, ulijua?"

"Nilipokupa sikujua."

"Ukajua lini?"

"Aprili nilionywa, nikajitia sisikii. Juni nikajua."

"Juni. Ndipo ulipokuja kuniomba chumvi."

"Ndiyo."

"Nikakupimia. Nikakuongeza na ndimu." Akamshika mwanawe mkono. "Mwanangu alikula papai leo asubuhi, Neijon. Leo asubuhi."

Mwalimu wa shule alikuwa ameondoka mbio kwenda kwenye kibustani, na kanzu yake ya kanisani, tukamwona anatandaza mikeka ya darasa juu ya mboga.

Mzee wa baraza ameniambia kidole gumba changu kitazungumzwa mwezi ujao. Nimemwambia akizungumze na mkono mzima, lakini kwanza watoto. Hapo nilimgombeza, na akakubali, labda kwa kuzoea. Tumehesabu walio chini ya miaka kumi waliokula: ni kumi na mmoja. Mdogo kabisa ni wa mke wa mchungaji, ana miezi tisa, walikuwa wanampondea papai. Huyo ndiye ninayemwona nikifumba macho.

Meli inaondoka hapa Jumamosi na watoto wote na mama zao. Barua hii inatangulia kwa ndege. Basi sikiliza, na usibadilishe hata neno. Nenda kwa yule mama wa kiti leo hii, mwambie wanakuja kumi na mmoja, mdogo ni wa miezi tisa, ajue mapema atampimaje asiyejua kukaa. Mwambie jina langu lote na la ardhi yangu. Tafuta pa kulala, hata kama ni ukumbi wa kanisa, na mchele, na samaki wa kopo, na maziwa ya mtoto. Uwe gatini kabla meli haijafunga kamba. Watashuka wamekasirika na watanisema mbele yako. Usinitetee. Wapokee mizigo, wape chai, halafu wapeleke kwenye kiti, wa mke wa mchungaji kwanza.

Neijon